Albamu iliyopigwa kabla ya kuanua matanga: kisa cha Fairport Convention na Liege & Lief, 1969

Kwa nini kisa hiki

Vijana wanaokuja studio na ngoma za kwao huwa na swali moja: tuingize vipi gitaa na dramu bila kuua wimbo wa bibi? Kabla sijagusa mtambo wowote, nawasimulia habari za Waingereza sita wa mwaka 1969. Albamu yao ina vibao vinane tu. Ilitoka Desemba mwaka huo, na mwaka 2006 wasikilizaji wa BBC Radio 2 wakaipigia kura kuwa ndiyo albamu ya muziki wa asili yenye athari kubwa kuliko zote. Lakini santuri ilipofika madukani, kundi lililoipiga lilikuwa limekwisha kugawanyika. Kwa maoni yangu mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Kilichoifanya albamu iwe nzuri ndicho hichohicho kilichowapasua.

Wanamuziki, prodyuza na fundi mitambo nimewataja kwa majina, maana kazi yao iko hadharani tangu zamani. Dereva wa gari, na msichana aliyefariki kwenye ajali, nimewaachia sitara yao.

Hali ilivyokuwa kabla

Fairport Convention ilianza mwaka 1967 Muswell Hill, kaskazini mwa London. Jina lilitokana na nyumba iliyoitwa Fairport, ambamo bendi ilifanyia mazoezi na ambamo mpiga rithimu Simon Nicol alikuwa akiishi. Walikuwa vijana wa mjini waliolelewa na santuri za Marekani. Walipiga nyimbo za Bob Dylan na Joni Mitchell, na walizipiga vizuri kiasi kwamba prodyuza mmoja Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London, Joe Boyd, akawachukua chini ya kampuni yake, Witchseason.

Mwaka 1968 akaingia mwimbaji Sandy Denny. Huyu alitokea kwenye klabu za muziki wa asili, zile ambazo mtu husimama na gitaa moja, akaimba wimbo wenye umri wa miaka mia mbili, watu wakanyamaza. Alikuja na hazina hiyo kichwani. Mwanzoni mwa 1969 bendi ikarekodi wimbo mmoja wa aina hiyo, wa msichana anayemtafuta baharia wake, ikaupiga kwa mkupuo mmoja wa dakika 11. Kwenye fidla walimwalika Dave Swarbrick, fundi aliyekuwa na jina kubwa tayari katika muziki wa asili, ambaye wakati huo alikuwa akipiga na mwimbaji na mpiga gitaa Martin Carthy. Wimbo huo uliingia kwenye albamu ya Unhalfbricking, katikati ya nyimbo za Dylan. Ulikuwa kama mlango ulioachwa wazi kidogo, na hakuna aliyekuwa amesema kwamba bendi nzima itapita hapo.

Tuangalie umri, kwa sababu kisa hiki hakieleweki bila umri. Mpiga besi na kiongozi, Ashley Hutchings, alikuwa na miaka 24. Denny alikuwa na 22. Mpiga solo Richard Thompson alikuwa ametimiza 20 Aprili. Mpiga dramu Martin Lamble alikuwa na 19, na Nicol 18.

Alfajiri ya 12 Mei

Usiku wa kuamkia 12 Mei 1969 walikuwa wakirudi London kutoka Birmingham, walikopiga kwenye klabu ya Mothers. Gari la bendi likaacha njia kwenye barabara kuu ya M1, karibu na kufika nyumbani. Lamble akafariki. Akafariki pia rafiki wa Thompson, msichana Mmarekani, mbunifu wa mavazi. Waliobaki wakatolewa na majeraha, Hutchings akiwa ameumia vibaya kuliko wenzake. Denny hakuwemo, alisafiri kwa gari jingine.

Unhalfbricking ilitoka Julai, ikiwa na dramu za kijana aliyekwisha kuzikwa. Wimbo wao mmoja, wa Dylan ulioimbwa kwa Kifaransa, ukapanda hadi nafasi ya 21 kwenye chati ya Uingereza. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Redio inapiga kibao chako, watu wanakupongeza, nawe unasikia dramu za mwenzako.

Uamuzi wa kwanza: kuendelea, lakini si kwa nyimbo zilezile

Walifikiria kuacha kabisa. Walipoamua kuendelea, waliamua na jambo la pili, nalo ndilo lililozaa kila kitu kilichofuata: hawangerudia nyimbo walizozipiga na Lamble. Kila wimbo wa zamani ulikuwa na mahali pa Lamble, na mahali pale palikuwa wazi.

Basi wapige nini? Hapo mambo mawili yakakutana. La kwanza ni mlango ule ulioachwa wazi na wimbo wa baharia. La pili ni albamu ya kwanza ya kundi la The Band, iliyotoka Marekani mwaka 1968. Wanamuziki wale walikuwa wamechota kwenye udongo wa Amerika ya Kaskazini, nyimbo za kanisani, za mashambani, za milimani, wakatoa kitu kipya kabisa. Vijana wa Fairport walipoisikia waliona kwamba kuiga Wamarekani sasa ni kazi bure. Kama hawa wamechimba kwao, na sisi tuna kwetu.

Swarbrick akaombwa aingie moja kwa moja, akakubali. Alikuwa na miaka 28, mkubwa kuliko wote, na jigi na rili, yaani miziki ya kuchezea ya asili, zilikuwa zimemkaa mikononi. Kwa dramu wakamchukua Dave Mattacks, miaka 21, aliyetokea bendi za kumbi za dansi, zile za watu wazima waliovaa suti. Mwenyewe amesimulia kwamba mwanzoni muziki ule ulikuwa mgeni kabisa kwake.

Chaguo la Mattacks lingeweza kuonekana kama kosa. Mtu wa kawaida angetafuta mpiga dramu anayeujua muziki wa asili, ila mpiga dramu wa namna hiyo hakuwepo, kwa sababu nyimbo hizo hazikuwahi kuwa na dramu. Wangemchukua mpiga roki, angepiga roki. Mattacks alikuja na nidhamu ya dansi: shika mwendo, mwache mwimbaji apite, usijaze kila pengo. Sikiliza albamu hiyo leo ukizima masikio yako kwa kila kitu isipokuwa dramu. Utashangaa jinsi anavyopiga machache.

Nyumba ya Farley Chamberlayne

Boyd akawapangia nyumba kubwa ya zamani kijijini Farley Chamberlayne, karibu na Winchester, mkoa wa Hampshire. Walikaa huko majira yote ya kiangazi cha 1969. Kulikuwa na chumba kikubwa cha mazoezi na uwanja wa majani ambapo walicheza mpira. Makovu yalikuwa bado mabichi.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Kwetu mtu akifiwa, watu hukaa naye, hulala kwake, hula kwake, na kisha huja siku ya kuanua, kila mtu akajua kwamba sasa maisha yanaendelea. Hawa walikaa pamoja, wakala pamoja, lakini siku ya kuanua haikuja. Badala yake walifanya mazoezi.

Wakati huo Hutchings alikuwa akienda Cecil Sharp House, London, makao ya chama cha ngoma na nyimbo za asili za Kiingereza, ambako kuna maktaba ya tungo zilizokusanywa vijijini. Humo mna pia kazi ya Francis James Child, profesa wa Harvard aliyekusanya tungo za visa 305 za England na Scotland na kuzichapisha kati ya 1882 na 1898, kila utungo na matoleo yake. Wapenzi wa muziki huo mpaka leo huutaja utungo kwa namba yake, kama mtu atajavyo sura ya kitabu. Namba 39 ni Tam Lin. Namba 81 ndio bendi iliyouimba kwa jina la Matty Groves.

Msomaji wa Kiswahili ataielewa tungo ya aina hii haraka kuliko anavyodhani, kwa sababu inafanana na utenzi. Beti fupi za mistari minne, kisa kinakwenda mbele bila kugeuka nyuma, mtunzi hajionyeshi, na maneno ya wahusika yanaingia bila hodi. Tofauti ni kwamba utenzi wetu hubeba kina kimoja cha mwisho kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mia tano, na hawa hubadilisha vina kila ubeti, mstari wa pili ukikubaliana na wa nne. Anayejua jinsi utenzi unavyoimbwa kwa sauti moja inayojirudia anajua tatizo la Fairport: sauti ileile, beti ishirini, hakuna kiitikio. Utafanya nini ili msikilizaji wa roki asilale?

Matty Groves kwa karibu

Hapa nitakaa kidogo, maana jibu la swali la wale vijana wa studio liko ndani ya wimbo huu.

Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Siku ya sikukuu mke wa bwana mkubwa anakwenda kanisani, anamwona kijana Matty Groves, anamwalika kwake kwa kuwa bwana hayupo. Mtumishi anasikia. Anakimbia kwenda kumwambia bwana wake, na alipofika mtoni anavua viatu na kuogelea. Matty anaamka asubuhi, bwana amesimama miguuni pa kitanda, anamuuliza: unaonaje kitanda changu, unaonaje shuka zangu, unaonaje mke wangu anayelala mikononi mwako? Wanapigana. Matty anauawa. Bwana anamketisha mkewe pajani na kumuuliza nani anampenda zaidi kati yao wawili. Mke anajibu kwamba anampenda Matty aliyekufa kuliko yeye na mali yake. Anauawa pale pale. Kisha bwana anaamuru wazikwe kaburi moja, mke juu, kwa sababu alikuwa wa ukoo bora.

Sasa sikiliza vyombo. Denny anaimba kama mtu anayetoa ushahidi, hapandishi sauti kwenye maneno ya kutisha. Besi na dramu zimeshikana kwenye mwendo mmoja usioyumba. Gitaa na fidla havishindani naye. Vinaingia kwenye pumzi zake, kati ya ubeti na ubeti, kisha vinarudi nyuma. Hakuna solo hata moja inayokatiza kisa. Mauaji yanapita kwa mwendo uleule wa kwenda kanisani, na hicho ndicho kinachosisimua mwili.

Kisa kinapokwisha na kaburi kufungwa, hapo ndipo bendi inafunguliwa. Mwendo unabadilika, fidla ya Swarbrick na gitaa la Thompson vinafukuzana dakika kadhaa mpaka wimbo unavuka dakika nane. Yale yote ambayo mwimbaji hakuyalia, vyombo vinayalia baadaye. Mpangilio huu haukuokotwa studio. Ulitafutwa kwenye ile nyumba, wiki baada ya wiki, na watu waliokuwa na nafasi ya kujaribu na kutupa.

Tam Lin wakautendea kinyume. Huo ni utungo wa Scotland: Janet anakwenda msituni alikokatazwa, anapata mimba ya kijana aliyetekwa na malkia wa majini, na ili amkomboe lazima amkumbatie akiwa anageuzwa nyoka, kisha simba, asimwachie. Hapa gitaa zinapiga nyundo kati ya mistari, nzito, za kukatika, na Denny anapita katikati yake. Kisa cha watu wawili kitandani kilihitaji mwendo usioyumba, na kisa cha majini kikahitaji kishindo. Ndiyo maana sipendi kanuni za "weka dramu hivi kwenye ngoma ya asili". Waliusoma utungo kwanza, ndipo wakagusa vyombo.

Jukwaa kwanza, studio baadaye

Tarehe 24 Septemba 1969 walipanda Royal Festival Hall, London, ukumbi wenye heshima kubwa, wakitanguliwa jukwaani na waimbaji Nick Drake pamoja na John na Beverley Martyn. Nyimbo mpya zilipigwa mbele ya watu kabla hazijarekodiwa. Kwangu huu ni uamuzi wa busara ambao wengi wetu tunaugeuza: tunarekodi kwanza, kisha tunajifunza kupiga tulichorekodi.

Oktoba wakaingia studio ya Sound Techniques, Chelsea, jengo lililowahi kuwa la maziwa, fundi mitambo akiwa John Wood. Kufikia mwanzo wa Novemba kazi ilikuwa imekwisha. Miezi ya mazoezi, siku chache za studio. Kwa bei ya studio, hesabu hiyo peke yake inatosha kuwa somo.

Walirekodi zaidi ya walichohitaji. Sir Patrick Spens, utungo wa nahodha anayeagizwa baharini wakati mbaya, uliachwa nje. Mwaka uliofuata wakaurekodi upya na kuutia kwenye albamu nyingine. Wakaacha na mwingine ambao Denny aliuimba vizuri mno. Vinane vilivyobaki vinafunguka kwa wimbo wa kukaribisha watu, uliotungwa na Denny na Hutchings, na vinafungwa na wimbo wa Michael, mtu anayemuua kunguru aliyemtabiria kwamba atamuua mpenzi wake, na akitazama chini anamwona mpenzi mwenyewe amelala. Huo haukutoka kwa Child. Maneno ni ya Thompson, mahadhi ni ya Swarbrick. Mwingine, wa kuaga, Thompson aliutungia maneno mapya juu ya mahadhi ya utungo wa kale.

Msikilizaji asiyeambiwa hawezi kujua upi wa mwaka 1969 na upi wa miaka mia tatu iliyopita. Mimi nyimbo hizo mbili za Thompson ndizo ninazozisikia kwa uzito zaidi. Kijana wa miaka 20, miezi michache baada ya alfajiri ile, anaandika juu ya mtu aliyempoteza mpenzi wake na hakujua lini mkono wake ulifanya hivyo. Sisemi kwamba aliandika habari zake. Nasema tungo za kale zilimpa lugha ya kulizungumzia jambo ambalo kwa maneno ya kila siku lisingezungumzika.

Novemba

Albamu ikiwa imerekodiwa, haijatoka, bendi ikapasuka.

Hutchings alitaka kwenda mbali zaidi katika tungo za asili. Kwake yeye Farley ilikuwa mwanzo tu, na maktaba ile ilikuwa bado na mamia ya nyimbo. Denny alikuwa ametoka huko tayari. Alikuwa mtunzi, alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, na hakutaka kurudi kuwa mwimbaji wa nyimbo za wengine. Alikuwa pia na mchumba, Trevor Lucas, mwanamuziki kutoka Australia, na safari zilikuwa zimemchosha, kuruka kwa ndege hasa. Safari ya Denmark mwezi huo ndiyo iliyokata kamba. Simulizi za waliokuwepo hazikubaliani kama aliondoka au aliondolewa. Hutchings naye akatoka. Kundi likabaki bila sauti yake na bila mwanzilishi wake.

Matokeo

Island Records ikaitoa albamu Desemba. Ikafika nafasi ya 17 Uingereza. Ndani ya kasha kulikuwa na picha za mila za vijijini na za wakusanyaji, wakiwemo Child na Cecil Sharp, kwa hiyo mnunuzi aliletewa muziki pamoja na njia ya kuufikia. Wapiga gitaa waliokuwa hawajawahi kusikia habari za Child wakaanza kuulizia vitabu vyake.

Denny na Lucas wakaunda kundi la Fotheringay, wakatoa albamu moja mwaka 1970, na kundi lenyewe halikuufikia mwaka wa pili. Denny alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 31. Waliobaki Fairport wakamleta Dave Pegg kwenye besi, wakahamia baa kuukuu ya The Angel huko Little Hadham na familia zao, wakatoa albamu ya Full House mwaka 1970 bila mwimbaji wa kike. Thompson akaondoka mwanzoni mwa 1971. Bendi yenyewe ipo mpaka leo. Agosti 2007, kwenye tamasha lao la Cropredy, watu watano waliokuwa hai kati ya wale sita walipanda jukwaani wakapiga albamu yote, Chris While akiimba mahali pa Denny.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

La kwanza ni muda, na muda huo ulikuwa nje ya studio. Boyd alilipia nyumba, hakulipia saa za mitambo. Bendi zetu nyingi zinaingia studio zikiwa na wimbo nusu, na nusu ya pili inatafutwa huku mita inahesabu. Matokeo yake ni kwamba uamuzi wa mpangilio unafanywa na mtu mwenye haraka kuliko wote chumbani.

La pili ni mchanganyiko wa watu. Wawili walitoka ndani ya muziki wa asili, Denny na Swarbrick. Watatu walitoka kwenye roki. Mmoja alitoka kwenye dansi na hakuwa na deni kwa upande wowote. Wangekuwa wote ni wa asili, wangeulinda wimbo mpaka ukauke. Wangekuwa wote wa roki, wangeutumia kama kisingizio cha solo.

La tatu nimekwisha kulieleza kwenye Matty Groves: kisa kilipewa ubwana juu ya vyombo. Nikiwa na kundi linaloleta wimbo wa jando au wa kulima, swali langu la kwanza kwa mwimbaji ni nani anasema na nani, na nini kinatokea ubeti wa nne. Wengi hawajui. Wameushika kwa sauti, hawajaushika kwa maana. Hapo tunarudi kwa mzee aliyewafundisha.

Na hapo naingiza jambo ambalo Fairport hawakulifanya vizuri zaidi ya wengine wa zama zao. Wimbo mmoja kwenye albamu, wa Reynardine, uliandikwa kuwa ni wa asili. Lakini sura yake iliyojulikana ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na A. L. Lloyd, mwimbaji na mtafiti wa karne ya 20. Neno "asili" linaweza kumfunika mtu aliye hai. Kwa desturi ya Uingereza, anayepangilia wimbo wa asili hulipwa kwa mpangilio wake, na aliyeutunza wimbo kichwani miaka sitini hapati hata kutajwa. Andikeni jina la mzee, kijiji, na siku mliyomrekodi, kabla hamjaandika majina yenu.

Pia nisiache kusema kwamba ule "Uingereza" waliokuwa wanautafuta haukuwa safi. Tam Lin ni wa Scotland, na sehemu kubwa ya mchanganyiko wa rili na jigi kwenye albamu ni ya Kiairishi. Hilo halikuwapunguzia kitu. Muziki wa kwao ulikuwa umetembea tangu zamani, kama wa pwani yetu ulivyotembea.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Hawakuambiana wanataka kuwa nani baada ya albamu. Kwenye nyumba ile kila siku ilikuwa na kazi ya wazi: utungo huu, ubeti huu, fidla iingie wapi. Kazi ya namna hiyo ni dawa kwa mtu aliyefiwa, nami simlaumu yeyote aliyeinywa. Lakini dawa hiyo huficha pia. Hutchings aliiona albamu kama njia anayoianza, Denny aliiona kama kitu alichokipitia. Wote wawili walipiga kwa moyo wote, kwa hiyo hakuna aliyesikia tofauti. Ilisikika siku kazi ilipokwisha.

Msiba nao haukupata nafasi yake. Kutoka Mei hadi Novemba ni miezi sita. Ndani yake kuna mazishi, hospitali, watu wapya wawili, nyumba, nyimbo mpya zote, ukumbi mkubwa, albamu, na safari za nje. Hakuna mtu aliyesema tupumzike. Uongozi ulikuwa na nia njema, naamini, na pengine walidhani kuwapa kazi ni kuwasaidia. Mwenye kusimamia kundi lililofiwa angeweka siku mbili tu kabla ya studio, bila vyombo, kila mtu aseme atakuwepo hadi lini na kwa sharti gani. Kama jibu la Denny lingekuwa "mpaka albamu itoke na safari moja," lebo ingejua, na Desemba isingekuta santuri haina mtu wa kuiimba.

Wengine hunijibu kwamba mazungumzo hayo yangeua albamu yenyewe, kwamba nguvu yake ilitoka kwenye kile kisichosemwa. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na sehemu yake naikubali. Wimbo wa Michael usingetoka kwenye kikao. Lakini kikao si cha kuongelea huzuni. Ni cha kuongelea mwezi wa Desemba.

Ushahidi wangu ni kilichotokea baadaye. Hutchings alipotoka Fairport aliunda kundi la Steeleye Span, pamoja na Maddy Prior, Tim Hart, na Gay na Terry Woods. Aliichukua njia ya Farley karibu yote: nyumba ya kijijini, safari hii Wiltshire, watu watano chini ya paa moja, miezi ya mazoezi, tungo za kale, kisha studio. Hapakuwa na ajali wala msiba. Swali la nani atabaki baada ya kurekodi nalo halikupata jibu ndani ya nyumba ile. Albamu ikatoka mwaka 1970, nzuri, bado inasikilizwa, na watu wale watano hawakuwahi kupanda jukwaani pamoja hata mara moja.